Siku Tatu Bila Kufungua Mlango

Yai likishakaa siku saba kwenye joto, ukilishika mbele ya taa unaona moyo. Si moyo kama ule wa kwenye picha za shuleni. Ni nukta tu, nyekundu, katikati ya mishipa myembamba kama nyuzi za buibui, nayo inacheza. Inacheza, inacheza. Chumba chote ni giza, dirisha limezibwa kwa blanketi, taa imefungiwa ndani ya kopo lenye tundu moja, na mwanga wote wa dunia umo ndani ya yai ulilolishika. Ukikaa humo nusu saa unasahau kama nje ni mchana. Ukikaa saa nzima unaanza kuona kama na wewe umo ndani ya kitu, na kuna mtu upande wa pili anakushika taratibu, anakutazama kwa taa yake.

Hiyo ndiyo kazi yangu tangu nilipomaliza shule ya msingi. Kazini wananiita Macho. Yai lenye moyo nalirudisha kwenye trei. Yai tupu, lisilo na kitu, naliweka ndoo ya kushoto. Yai lililoanza kuishi likafa linaonyesha pete ya damu, duara jekundu limetulia tuli, na hilo ni la ndoo ya kulia. Kwa kila lililokufa natia alama ya penseli kwenye karatasi yenye vijumba kama vya trei, pale pale lilipokuwa limekaa. Karatasi zikijaa nazitundika kwenye msumari.

Aliyenifundisha kazi ni mama mdogo, mdogo wake mama yangu, ambaye amenilea tangu nina meno ya utoto. Yeye ndiye wa mashine. Mwenye mali ni mzee mmoja tunayemwita Bosi Manyoya, kwa sababu hajawahi kuvaa shati lisilo na unyoya begani, lakini kwa miaka tisa aliyekuwa akijaza maji, akigeuza mayai na kusoma joto ni mama mdogo. Mashine yenyewe ni kabati refu la mbao na bati, na ndani yake feni inavuma polepole kama mtu mnene aliyelala. Kwenye mlango, kwa nje, kuna namba nyekundu zinazoonyesha joto. Watu walikuwa wakija kununua vifaranga wakiuliza, "Ni wa mkono wa yule mama?" Wakiambiwa ndiyo, hawakuuliza tena.

"Mashine ni kuku asiye na miguu," aliniambia siku ya kwanza. "Na kuku akishakalia mayai, hata umtukanie ukoo wake hainuki. Kwa hiyo na wewe ukiatamia, kaa."

Ajabu ni kwamba yeye ndiye aliyekuja kushindwa kukaa.

Sijui ilianza lini. Labda ilianza asubuhi ile tuliyokuta feni imekwama na mkupuo mzima, mayai yote tuliyoyaweka pamoja, umeiva kama mayai ya kuchemsha. Labda ilikuwepo zamani, imejikunyata mahali, ikingoja joto lake. Nilichoona mimi ni kwamba mabega yake yalipanda. Yalipanda yakakaribia masikio, yakabaki huko, kama mtu aliyebeba ndoo kichwani miezi na miezi bila kuitua. Usingizi ukamkimbia. Chakula alikichokoa chokoa tu. Na maswali.

"Mlango tumefunga?"

"Tumefunga, mamdogo."

"Jiko?"

"Nimezima."

"Umezima ukaona, au umezima kwa mazoea?"

"Nimezima nikaona."

Hatua kumi barabarani. "Jiko, hebu niambie ukweli."

Nami nilimjibu. Mimi ni mtu wa subira, kila mtu anasema hivyo, na nilikuwa najivunia. Alipouliza mara ya tano nilimjibu kwa sauti ile ile ya mara ya kwanza. Nilijiona nimempa bega la kuegemea.

Halafu likaja lile lingine. Siku moja anageuza mayai, nikamsikia ameacha trei ikagonga bati. Nilipotoka gizani nilimkuta ameshika kifua, uso umekuwa rangi ya jivu, kijasho chembamba kinamtoka. Vidole vimekufa ganzi. Anavuta hewa kama anayeivuta kwa kamba.

"Nakufa, mwanangu. Moyo. Moyo huu unatoka."

Dereva wa kupeleka vifaranga alimpakia pamoja na matenga matupu, akaendesha huku akipiga honi hata pasipo na gari. Hospitali wakamfunga waya kifuani, wakapima damu, wakapima na tezi ya shingoni. Karatasi ya mistari ikatoka ndefu kama utepe wa fundi cherehani. Daktari akaitazama. "Mama, moyo wako ni wa msichana. Nenda ukapumzike."

Kwa siku mbili alikuwa mtu mpya, anaimba. Ya tatu akaniuliza, "Ile mashine yao ya waya, unadhani ilikuwa nzima?"

Tulienda tena. Tulienda mara ya tatu. Dereva akaanza mzaha, "Mama, safari hii nitakukatia tiketi. Hata bibi harusi hapandi gari mara zote hizi." Mama mdogo alicheka, lakini mkono wake ulikuwa juu ya kifua, unasikiliza.

Wakati huo huo mayai yakaanza kufa.

Mkupuo wa kwanza Bosi Manyoya alimlaumu mfugaji anayetuletea mayai. Akabadilisha mfugaji. Mkupuo wa pili akalaumu umeme, akaleta fundi. Fundi akagonga gonga, akasema mashine haina tatizo. Mkupuo wa tatu ulipokufa robo nzima, Bosi alisimama mlangoni, unyoya begani, akasema bila kugomba, na heri angegomba:

"Mama, tumetoka mbali mimi na wewe. Nakupa mikupuo miwili. Wa pili ukiwa hivi, mashine ataishika mtu mwingine, wewe utahamia kufunga matenga."

Mama mdogo akasema, "Sawa, Bosi." Akaenda kujaza maji. Maji yakafurika mpaka sakafuni asione.

Kufunga matenga si aibu, kuna watu wazuri wanafunga matenga. Lakini mama mdogo hakuzaa. Vifaranga wote wa mtaa huu na mitaa ya jirani walipita mkononi mwake, na aliposikia jogoo anawika popote alisimama, akasema, "Huyo wangu." Ukimtoa kwenye mashine umemwachia nini?

Siku hiyo nikiwa gizani nilitoa karatasi zangu msumarini, nikazipanga moja juu ya nyingine, nikaziinua mbele ya taa kama yai. Na nikaona. Alama za penseli hazikutawanyika. Katika karatasi zote zilijikusanya upande mmoja, zikajipinda, zikafanya umbo la nusu mwezi. Na ule mwezi ulikuwa unautazama mlango wa mashine.

Taa ilinung'unika ndani ya kopo. Ilikuwa kama ndoto ile ambayo mtu anakuonyesha kitu na huwezi kuondoa macho.

Kesho yake nilitoboa blanketi la mlangoni mwa chumba changu cha giza kwa ncha ya penseli, nikachungulia. Mama mdogo alisimama mbele ya zile namba nyekundu. Akazisoma midomo ikicheza. Akaenda, akarudi. Akazisoma. Akaweka kiganja kwenye bati. Kisha akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akafungua mlango, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akagusa mayai ya mbele, moja moja, kwa upole kama mtu anayepima homa ya mtoto. Mvuke ukamtokea usoni, ukapanda, ukapotea. Akafunga. Mabega yakashuka kidogo. Baada ya dakika chache yakapanda tena, na mkono ukarudi kwenye kitasa.

Kufika saa sita mchana amefungua mara kumi na moja.

Sikumwambia mtu. Mwizi ungemsema, lakini huyu alikuwa anaiba joto ili kuhakikisha halijaibwa. Siku mbili nilitembea na jambo hilo kifuani, mpaka nikaogopa na mimi nitapata mabega yale. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku ya tatu nikamwambia, "Mamdogo, njoo gizani mara moja."

Akaingia, nikashusha blanketi. Nikaweka karatasi mbele ya taa, zote kwa pamoja.

"Nini hiki?"

"Ni waliokufa. Huu hapa ni mlango."

Alitazama. Nilisikia pumzi yake ikibadilika kabla sijamwona uso. "Ni mimi," akasema. "Ni mimi ninayewaua." Na likamjia pale pale, kifua, ganzi, jasho. Nilimkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamshika mkono, tukakaa ndani ya ule mwanga mdogo kama watu wawili kwenye yai moja. Alikuwa anasema anakufa. Hakufa. Baada ya muda, dakika ishirini labda, likamwachia lenyewe, akabaki amelowa na kuchoka.

"Niambie, Macho," akasema kwa sauti ndogo, akiniita jina la kazini kwa mara ya kwanza, "nina wazimu?"

"Sijui una nini. Ila safari hii tukienda hospitali, tusimwambie daktari habari za moyo tu. Tumwambie na mlango."

Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kalamu chini. Akauliza kuhusu usingizi, kuhusu jiko, kuhusu mabega. Kisha akatuelekeza chumba cha mwisho kabisa kwenye korido, baada ya stoo ya mashuka.

Humo tulimkuta nesi, mwanamume mkubwa mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. Viti viwili visivyofanana, na ukutani kalenda iliyobaki mwezi wa nyuma. Mama mdogo aliketi ukingoni mwa kiti kama anayesubiri gari.

"Kabla hujaanza," akasema, "mimi si kichaa."

"Vizuri. Mimi nami si daktari wa vichaa, kwa hiyo tumeanza bila deni." Akacheka kwa pua. "Mama, nini kinakusumbua sasa hivi, dakika hii, humu ndani?"

"Kalenda yako. Imekwama mwezi uliopita."

"Inakusumbua sana?"

"Sana. Nipe nigeuze, ni kitendo cha sekunde."

"Hapana. Tuiache hivyo hivyo mpaka utakaporudi."

Mama mdogo akanitazama kana kwamba nimemleta kwa mganga wa kuchekesha.

Alimuuliza maswali mengi, polepole. Kwamba katika wiki hizi, ni siku ngapi ameshindwa kuzuia mawazo ya baya litakalotokea. Siku ngapi mwili umekaza. Je, lile la kifua huja ghafla likapanda haraka? Likishaondoka, anabaki analiogopa lisirudi? Kwa kila swali mama mdogo alisema ndiyo, na kila ndiyo ilitoka nyepesi kuliko iliyotangulia, kama mtu anayetua vitu kimoja kimoja mezani.

"Huu ni ugonjwa wa wasiwasi," nesi akasema. "Una jina, una dawa, na wanaougua ni wengi kuliko unavyodhani. Wanapita hapo nje na mabega yao. Lile la kifua ni hofu iliyopanda mara moja mwilini. Ulifanya vema kupima moyo, ilikuwa lazima tujue. Sasa tumejua. Moyo haudanganyi wala hauumwi, unakimbia tu kwa sababu umeambiwa kuna simba."

"Na simba yuko wapi?"

"Hebu nisaidie. Ukifungua mlango wa mashine unapata nini?"

Alifikiri. "Napata raha."

"Ya muda gani?"

"Dakika tano. Siku hizi tatu."

"Na mashine, ikishafunguliwa, inachukua muda gani kurudi kwenye joto lake?"

Hilo alilijua kuliko mtu yeyote humo. Nje mtu alipita na toroli la mashuka, gurudumu likilia. "Robo saa," akasema mwishowe. "Unyevu, zaidi ya hapo." Na nikaona hesabu ikimwingia machoni, na machozi yakaifuata.

Nesi alimwacha alie. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe binti, akikuuliza kama jiko limezimwa, unamjibu?"

"Namjibu. Kila mara, na kwa upole," nikasema, nikingoja sifa yangu.

"Mara ngapi kwa siku?"

"Hata thelathini."

"Basi mara thelathini kwa siku unamfungulia mlango."

Nilihisi uso ukinichoma. Miezi yote ile nilidhani subira yangu ni mto wa kulalia, kumbe ilikuwa kitasa.

"Usijilaumu," akasema. "Mchelea mwana kulia hulia yeye, na nyumba nyingi zinalia hivyo hivyo. Kubalianeni neno moja. Akiuliza mara ya pili, umwambie hilo neno tu, basi."

Mama mdogo mwenyewe ndiye aliyelichagua, akiwa anapangusa pua. "Aniambie: hilo swali nimeshalisikia."

Daktari aliandika vidonge, kimoja kila asubuhi, akatuonya kwamba havifanyi kazi leo wala kesho, ni wiki nne, ni sita, na asiviache ghafla hata akijiona mzima. Nesi alimpa karatasi ya ngazi. Chini kabisa, kukaa dakika kumi bila kugusa kitasa. Kisha nusu saa. Kisha saa. Juu kabisa mama mdogo aliandika kwa mkono wake: siku tatu za mwisho. Kwa sababu kuanzia siku ya kumi na nane mayai hayageuzwi tena, na mlango haufunguliwi kabisa mpaka vifaranga watoke. Unyevu ukipotea wakati huo, utando wa ndani hukauka ukamgandia kifaranga, akafa ameshatoboa ganda, mdomo nje.

"Hofu ikija," nesi alisema tukiwa mlangoni, "usipigane nayo, wala usiikimbie. Toa pumzi taratibu, ndefu kuliko unayoingiza, si kwa ajili ya kuifukuza, ni kwa ajili ya kukaa nayo. Ni kama kwikwi. Haipandi milele."

"Kwikwi haijawahi kuniambia nitakufa," mama mdogo akajibu.

"Kwa sababu hujaisikiliza."

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu, sitaki kudanganya. Vidonge vilimtia kichefuchefu, akasema ni afadhali ugonjwa. Dakika kumi za kwanza alizikaa amekumbatia nguzo. Na mimi nilikuwa na mtihani wangu. "Jiko umezima?" Namjibu mara moja. "Jiko, Macho?" Hilo swali nimeshalisikia. "Ala! Umekuwa kasuku? Nimekulea kwa mikono hii, leo nakuuliza jiko unanisomea risala?" Tukatembea mpaka kona, amenuna, na nilitaka kulia, na jiko lilikuwa limezimwa, na sikusema. Kufika kona ya pili akasema, "Mvua itanyesha leo," na nikajua limepita.

Mkupuo wa kwanza haukuwa mzuri. Ile nusu mwezi ilikuwepo, ila imekonda. Bosi Manyoya aliitazama karatasi, akaninyooshea vidole viwili, akakunja kimoja.

Kila baada ya siku saba tulirudi chumba cha mwisho. Kalenda bado ilikuwa imekwama. Mara ya kwanza mama mdogo aliitazama kikao kizima. Mara ya nne nilimkumbusha tukiwa tunatoka, naye akashtuka. "Kalenda gani?" Usingizi ulianza kumrudia, kwanza kama paka mgeni, anakuja anakimbia, baadaye akazoea kitanda. Alipanda ngazi yake. Dakika kumi, nusu saa, saa, nusu siku. Siku nyingine aliteleza, akafungua mara tatu kwa hasira, akaja kuniambia mwenyewe, na kesho yake akaanza upya. Nami kwenye giza niliona mayai ya mbele yakicheza nukta zao kama ya nyuma.

Siku ya kumi na nane ya mkupuo wa pili tulihamishia mayai kwenye trei za chini. Mama mdogo akajaza maji, akafunga mlango, akavuta kigoda, akaketi mbele yake.

"Haya, kuku asiye na miguu," akaiambia mashine. "Tukae."

Siku ile ilipita. Alisoma namba nyekundu kila saa kamili kama walivyokubaliana na nesi, si zaidi, na katikati alikunja mifuko ya plastiki, alishona vifungo vya nguo zangu zote, hata visivyotoka. Jioni tulimwachia mlinzi wa usiku, tukaenda nyumbani, akalala nusu ya usiku. Siku ya pili ikapita. Feni ilivuma, joto lilitutia uzito kwenye kope, na kulikuwa na wakati nilipoona kama chumba kizima kinapumua na sisi tumo tumboni mwake.

Siku ya ishirini, asubuhi, tukasikia. Kwanza moja, mbali, kama mtu anayefungua mlango wenye bawaba kavu katika nyumba ya tatu. Pii. Mama mdogo akasimama. Pii, pii. Kutoka ndani ya maganda, kabla hawajaiona dunia, walikuwa wanaitana. Tuliegemeza masikio kwenye bati, yeye huku, mimi kule, tunatazamana, tunacheka bila sauti.

Halafu, mchana, wakanyamaza.

Wote. Feni tu. Nilimwona mama mdogo akishika kifua. Jasho likamtoka, mabega yakapanda, akaanza kupumua kwa kamba. Aliketi. Akatoa pumzi, ndefu. Akafumba macho. Sikumgusa, tulikubaliana hivyo. Namba nyekundu zilikuwa pale pale zinapotakiwa, lakini namba hazilii pii. Dakika tano. Kumi. Nikawaona kichwani mwangu, midomo midogo imeganda kwenye utando, na mbele ya macho yangu mwezi wa penseli ukijaa. Mama yangu huyu amefika mpaka hapa. Wakifa leo, watakuwa wamekufa kwa sababu ya subira yetu. Nichungulie tu, nusu sekunde, upana wa kidole.

"Macho."

Sikujua nimesimama. Sikujua mkono wangu uko kwenye kitasa.

"Toa mkono," mama mdogo akasema. Uso wake ulikuwa umelowa, sauti inatetemeka, macho ameyafungua.

"Mamdogo, wamenyamaza."

"Wanapumzika. Kutoboa ganda ni kazi, wewe ungeimba mfululizo?"

"Wako hai?"

"Wanapumzika, mwanangu."

"Lakini wako hai, mamdogo? Niambie ukweli."

Akanitazama. Kitu fulani kikampita usoni, polepole, kama mtu anayemtambua ndugu yake kwenye umati. Akacheka, huku bado anahema, huku kiganja kiko kifuani.

"Hilo swali," akasema, "nimeshalisikia."

Nikatoa mkono. Ulikuwa mzito kama si wangu. Alinisogezea nusu ya kigoda, tukabanana pale, bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza nilihisi kile alichokuwa anakihisi yeye miezi yote ile: namna mlango unavyoita. Unaita kwa jina lako. Tulikaa. Sijui ni muda gani, sikutazama saa. Kikapanda, kikafika mahali, kikaanza kushuka. Jua lilihama kutoka sakafuni likapanda ukutani. Na jua lilipofika kwenye bati, ndani, mbali, mtu mmoja akasema pii.

Siku ya ishirini na moja, saa nne asubuhi, Bosi Manyoya alikuja, na Dereva nyuma yake na matenga. Kelele ndani ya mashine ilikuwa kama ya shule wakati wa mapumziko.

"Fungua, mama," Bosi akasema.

Mama mdogo akashika kitasa. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, kila mtu aliona. Akafungua hivyo hivyo. Mvuke ukamfunika, ukapanda, na ulipotawanyika walikuwepo, wamejaa, wa manjano, wengine wamelowa wamelala juu ya maganda yao kama walevi, wengine wamesimama tayari wanatudai dunia.

Dereva akapiga mluzi. "Mama, sasa nani atanipa safari za hospitali?"

"Za kila wiki zipo," akamjibu. "Bado nakunywa dawa yangu. Na tiketi ukate."

Bosi Manyoya alimnyanyua kifaranga mmoja, akamgeuza, akamrudisha. "Mkupuo ujao unaweka lini?" akauliza. Ni hayo tu. Mama mdogo akasema, "Jumatatu," akainama kwenye trei ili asionekane uso.

Mchana niliingia gizani na mayai ambayo hayakutotoa, maana hayakosi. Niliyapitisha mbele ya taa moja moja, nikatia alama za penseli kila moja mahali pake, nikainua karatasi mbele ya mwanga. Niliitazama muda mrefu, nikaigeuza juu chini. Alama zilikuwa moja huku, mbili kule, moja peke yake pembeni. Hazikuchora chochote.